Dohani ya nyumba ya zamani haitumiki tena: nizibe, nibomoe au niiache?

MtotoWaUsambara (#1)

Habari za jioni wakuu,

Naomba mawazo ya waliowahi kukarabati nyumba za zamani za milimani. Nyumba yetu iko Lushoto, njia ya kupanda Magamba. Marehemu baba aliinunua mwaka 1978, na yenyewe ilijengwa enzi za Mwingereza: msingi wa mawe, kuta nene za tofali za kuchoma, paa la bati. Sebuleni kuna meko ya kuotea moto. Dohani yake inapanda ndani ya ukuta unaotenganisha sebule na chumba cha mama, inatoboa dari, inatokeza juu ya bati kama mita 1.8.

Mimi tangu nipate akili sijaona moto ukiwashwa pale. Baba aliziba mdomo wa meko kwa tofali na kupiga plasta ya saruji, juu akalaza kipande cha bati na kukigandamiza kwa jiwe. Lile bati sasa limeoza upande mmoja, ukisimama uani unaliona limekunjika.

Upande wa chumba cha mama kuna doa la kahawia ukutani, rangi ya chai ya mkandaa, kuanzia usawa wa mabega hadi darini. Nimelipaka rangi mara tatu. Kiangazi linafifia, masika yakiingia linarudi likiwa limeongezeka kiganja kizima. Ukiweka mkono unahisi ubaridi wa maji, na chumba kinanuka masizi yaliyolowa.

Sasa tumeanza ukarabati. Fundi niliyempata anasema tubomoe kifua cha meko, yaani ule ukuta uliotokeza kuzunguka meko na dohani, pale sebuleni ili sebule ipanuke, ila sehemu ya darini na ya juu ya bati tuiache maana kugusa paa ni gharama. Wadogo zangu wanasema badala yake tufungue meko tuyatumie, kwa sababu mama ana miaka 76 na baridi ya Julai inamtesa, huwa anaingiza jiko la mkaa chumbani kabla ya kulala. Mimi nilitaka kuziba kabisa juu na chini, nisahau.

Nifanye lipi?

TofaliKwaTofali (#2)

Mkuu, kwanza kabisa mwambie huyo fundi aweke nyundo chini. Nina miaka 27 kwenye kazi hii, Moshi, Arusha na huko kwenu, na hicho anachotaka kukifanya ndicho kinachoua watu.

Dohani si pambo lililobandikwa ukutani. Imejengwa kutoka kwenye msingi wake, tofali juu ya tofali, hadi kule juu. Ukiondoa ya chini, ya juu inashikwa na nini? Piga hesabu. Dohani nyingi za nyumba zile kwa nje ni sm 90 kwa 60, na tundu la ndani sm 30 kwa 30. Ile mita 1.8 unayoiona juu ya bati peke yake ni mita za ujazo 0.8, na mita moja ya ujazo ya ukuta wa tofali za kuchoma ni kama kilo 1,800. Hapo una karibu tani moja na nusu, bado hujahesabu iliyojificha darini. Kenchi zako hazikupigwa kwa mzigo huo. Wala haitaanguka siku hiyohiyo. Itakaa, plasta itaanza kuchanika nywelenywele, mlango utaanza kukwaruza, halafu usiku mmoja wa mvua inashuka. Na kwa maelezo yako inashukia alipolala mama.

Dohani hubomolewa kutoka juu kuja chini, tofali mojamoja, kisha paa linazibwa. Ukitaka kubakisha ya juu, mhandisi aje achore boriti ya chuma au ya zege itakayoibeba, na upeleke mchoro halmashauri upate kibali. Zaidi ya hapo usikubali.

Sasa hilo doa. Ndani ya dohani kuna masizi na utomvu wa kuni wa miaka mingi, na ndani ya masizi kuna chumvichumvi. Mvua inaingia kwenye bati lililokunjika, inayashusha. Chini pamezibwa, hewa haipiti, kwa hiyo maji hayana pa kukaukia isipokuwa kupenya tofali na kutokea kwenye plasta ya chumbani. Yanatoka na rangi yake. Chumvi ikishajaa ukutani inafyonza unyevu hata wa hewani, ndiyo maana hata siku isiyo na mvua, ukungu ukishuka, ukuta unatoka jasho. Rangi hata mikono kumi haitasaidia.

Kuziba juu na chini ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Dohani isiyotumika inatakiwa ikingwe mvua juu na ipewe tundu la hewa chini. Iache ipumue.

Niambie vipimo vya mdomo wa meko na tundu la juu.

Kazi Iendelee Site (#3)

Mnamtisha mwenzenu. Mimi nilimwaga kokoto na zege humo ndani kuanzia juu, ikajaa, mwisho wa habari. Ukuta umekuwa imara kuliko mwanzo.

TofaliKwaTofali (#4)

Kaka, ukuta wako una muda gani tangu ujaze? Na ulikuwa wa aina gani? Msingi wa dohani ya zamani ulipimwa kwa dohani yenye uwazi ndani. Umeuongezea uzito ambao haukuandaliwa, na maji yatakayopita pembeni ya hilo zege hayana tena hewa ya kuyakausha. Chungulia kuta zake baada ya masika mawili matatu, halafu rudi utuambie kwa faida ya wote.

Zamu ya Usiku (#5)

Mmepita haraka kwenye sentensi moja ya mleta mada: mama anaingiza jiko la mkaa chumbani kabla ya kulala.

Mimi ni muuguzi katika mkoa wa baridi. Naomba kwa unyenyekevu kabisa, leo usiku huo mkaa ubaki nje. Makaa yakiwa mekundu bila moshi watu hudhani yamekuwa salama, kumbe hata hapo yanaendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea. Akiwa macho anaweza kutoka. Akiwa amelala hajui kitu. Na mzee mara nyingi husema "nimeamka na kichwa tu", tunampa dawa ya maumivu, kesho analirudisha jiko ndani.

Tena angalia: unakwenda kukarabati, utaziba nyufa, utaweka dari mpya, madirisha ya aluminiamu yanayofunga vizuri. Nyumba iliyokuwa inavuja hewa kila upande ndiyo ilikuwa inamwokoa. Ukishamaliza ukarabati, jiko lilelile litakuwa hatari maradufu.

Mnunulie chupa mbili za mpira za maji ya moto, moja miguuni, moja kiunoni. Blanketi zito. Soksi za sufi. Tafadhali usingoje ukarabati uishe.

MtotoWaUsambara (#6)

Dada Zamu ya Usiku, nimesoma ujumbe wako nikampigia mdogo wangu palepale. Jiko limetolewa. Mama alilalamika kidogo lakini alipoulizwa kuhusu kichwa akasema ndiyo, Julai yote iliyopita alikuwa anaamka nacho. Sikuwahi kuliunganisha na mkaa. Ahsante sana.

Fundi, vipimo nimechukua leo baada ya kuvunja lile ziba la baba kwa tindo. Mdomo wa meko upana sm 95, kimo sm 80. Tundu ni 30 kwa 30 kama ulivyosema. Zimetoka karai nne za masizi, manyoya, vijiti na mafuvu madogo ya panya. Halafu kuna mngurumo humo ndani, kama mashine ya kusaga iko mbali. Tulipomulika tochi tukaona nyuki.

TofaliKwaTofali (#7)

Eneo la mdomo ni sm za mraba 7,600, la tundu 900. Gawanya, unapata kama 8.4. Kanuni ya zamani ni kwamba tundu liwe kati ya sehemu moja ya nane na moja ya kumi ya mdomo ili moshi uvutwe vizuri bila kurudi sebuleni. Aliyejenga meko hayo alijua kazi yake, Mungu amrehemu.

Kuhusu nyuki nawaachia wenyewe. Msiwashe moto.

Mrina Asali (#8)

Usiwashe moto kabisa, narudia. Watu wanadhani moshi utawafukuza wapae juu. Nyuki wetu hawa ni wakali, nusu watashuka sebuleni na wakianza kuuma hawaumi mmoja. Zaidi ya hapo, nta inashika moto. Masega yakiwaka ndani ya dohani yenye utomvu wa kuni, huo moto huuzimi kwa ndoo.

Kosa la pili ni kuwapulizia dawa wakafa, halafu ukaziba. Masega yanabaki. Hakuna tena nyuki wa kuyapepea, jua likipiga tofali nta inalainika, asali inatiririka ukutani. Utapata doa jipya juu ya lile la zamani, kisha siafu, panya, na mwaka unaofuata kundi jingine litafuata harufu.

Tafuta mfugaji nyuki hapo Lushoto, wapo wengi. Aje jioni giza likianza, avae, awahamishie mzingani pamoja na masega yenye majana (watoto wa nyuki). Masega yote yatoke, hata yaliyokauka, na tofali zikwanguliwe. Akimaliza, siku hiyohiyo weka wavu juu. Ukisubiri wiki moja wamerudi.

Ukungu wa Tigoni (#9)

Salamu kutoka Limuru, Kenya. Nyumba za settlers (walowezi wa Kizungu) huku karibu zote zina meko, na hadithi yako ni yangu mtupu.

Mwaka 2016 tulifunga yetu kwa mawe na simiti, chini na juu, fundi akapaka rangi nyeupe ikapendeza sana. Mvua ndefu ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, rangi ikaanza kutoka malengelenge. Ukibonyeza lengelenge linatoka unga mweupe kama chumvi ya mezani, chini yake maji ya kahawia. Tulibandua plasta yote, tukaanza upya. Kilichotusaidia ni vitu vitatu: kofia ya zege kule juu iliyoinuliwa kwa vipande vya mawe ili upepo upite, tundu la hewa pale meko yalipokuwa, na kurekebisha bati linalozunguka shingo ya chimni. Hilo la mwisho watu husahau. Maji yanayoteremka paa yanagonga mgongo wa chimni na kutuama hapo. Huko nyuma ndiko kulikuwa kumeoza, si juu kabisa tulikokuwa tunalaumu.

Baraza la Mji Mkongwe (#10)

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, dohani sizijui, lakini ukuta wa zamani na maji ni maisha yangu.

Nimesoma kwamba plasta ya chumbani ni ya saruji. Hapo ndipo pa kuanzia. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na chokaa hupokea maji na kuyatoa, ukuta unavuta na kutoa pumzi. Wakaja mafundi wa haraka wakazikandika saruji kwa nje na ndani. Saruji haipitishi, maji yakabaki ndani ya ukuta, boriti za mikoko zikaoza vichwa mle zilimoingia ukutani. Nimeona sakafu zikishuka kwa sababu hiyo.

Ukuta wako ni wa tofali za kuchoma za zamani, huenda hata udongo ulioziunga una chokaa. Bandua saruji yote penye doa na uvuke doa nusu mita kila upande. Piga brashi kavu, usimwagie maji, maana maji yatarudisha chumvi ndani. Uache ukuta wazi. Usikimbilie. Chumvi itachanua nje kama ukungu mweupe, ifagie, ichanue tena, ifagie tena. Ikipungua ndipo upige plasta ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga safi wa mto, mikono myembamba miwili au mitatu, kila mmoja ukae siku kadhaa ukinyunyiziwa maji kidogo usipasuke. Tanga ni jirani yako, chokaa utapata. Vaa glavu na miwani, chokaa mbichi inachoma macho.

Rangi nayo iwe ya chokaa. Ukipaka ya mafuta umerudi ulikotoka.

MtotoWaUsambara (#11)

Sheikh, nashukuru. Je, ukuta ukae wazi muda gani?

Baraza la Mji Mkongwe (#12)

Ukuta ndio utakaosema. Kwa baridi ya huko kwenu mimi ningeupa msimu mzima wa kiangazi. Mhamishie mama chumba kingine.

Mbeya hadi Leicester (#13)

Niko Uingereza, nyumba za huku za matofali zilizoungana zina dohani kila chumba, hata chumba cha kulala. Baada ya sheria ya hewa safi ya 1956 watu wakaacha makaa ya mawe taratibu, dohani zikabaki. Ushauri wa huku ni uleule wa fundi: kofia yenye matundu juu, kidirisha cha hewa chini. Wasiotaka upepo wa baridi kushuka wanachomeka kizuizi, wengine cha sufi ya kondoo, wengine mfuko unaojazwa upepo, lakini navyo huachwa vipitishe hewa kidogo.

Nilichojifunza kwa gharama: mtu aliyenitangulia kwenye nyumba yangu alikata kifua cha dohani chini akaacha juu, akaibebesha vyuma viwili vidogo vya pembe. Mkaguzi alipopanda darini akashuka akaniambia nisiweke kitanda chini ya pale mpaka kirekebishwe. Ukuta wenyewe tunashirikiana na jirani, kwa hiyo kulikuwa na barua za kuandikiana kwa mujibu wa sheria ya 1996 ya kuta za pamoja. Wewe huna jirani ukutani, shukuru. Ila kama mtawahi kuwasha moto humo, nunua king'ora cha kaboni monoksaidi. Ni kidude kidogo kama saa ya ukutani, nilimletea dada yangu Mbeya kwenye begi.

MtotoWaUsambara (#14)

Mrejesho wa kwanza.

Mfugaji nyuki alikuja Jumamosi saa moja jioni na mzinga wa mbao. Masega yalikuwa yamejaa kama mita moja kwenda juu, ya chini meusi yamekauka, ya juu meupe. Ametoa ndoo mbili. Wavu tumeweka usiku uleule kwa taa ya kichwani.

Wadogo zangu bado wanataka meko yafunguliwe. Nami nimeanza kushawishika, hasa baada ya kusikia aliyejenga alijua kazi. Mama mwenyewe anasema alipohamia kama bibi harusi walikuwa wanachoma miwati humo, nyumba nzima inanukia. Fundi, kuna namna ya kujua kama dohani bado nzima?

TofaliKwaTofali (#15)

Ipo. Kwanza ipigwe brashi toka juu, masizi yote yashuke. Halafu chukua karai la bati, weka moto mdogo sana chini na majani mabichi juu yake ili utoe moshi mzito. Mtu mmoja akiwa juu ya paa, amefungwa kamba, moshi ukianza kutoka afunike tundu kwa gunia lililoloweshwa. Wewe uwe darini na tochi. Mwingine awe chumba cha mama. Ndoo za maji na mchanga karibu. Madirisha yote wazi, na mama asiwe ndani.

Moshi hauna siri. Utakuonyesha kila kiungo kilicholegea. Angalia hasa mbao. Mafundi wa zamani walipokuwa wanafunga kenchi, mara nyingine waliingiza kichwa cha mbao kwenye tofali za dohani. Wakati ule udongo ulikuwa mzima. Leo kama udongo umeliwa, cheche inafika kwenye mbao kavu ya miaka 70.

MtotoWaUsambara (#16)

Tumefanya leo asubuhi. Naandika mikono bado ina masizi.

Dakika ya kwanza moshi ulipanda vizuri, sebuleni haukurudi hata kidogo. Gunia lilipowekwa juu, darini ukaanza kutoka. Si sehemu moja. Kuanzia usawa wa dari hadi karibu na bati, kila mstari wa tatu au wa nne wa tofali ulikuwa unatoa uzi wa moshi. Niliingiza ukucha kwenye kiungo, udongo ukatoka kama unga wa muhogo. Na upande wa mashariki kuna mbao ya kenchi imeingia ndani ya dohani, sm 10 hivi. Kichwa chake ni cheusi. Sijui ni masizi au kiliwahi kuungua.

Nimepiga picha nikamtumia mdogo wangu aliyekuwa anang'ang'ania meko. Amenyamaza, kisha akasema basi.

TofaliKwaTofali (#17)

Basi ndiyo jibu sahihi. Ili uwashe humo unahitaji kutoa ile mbao, kuunga viungo vyote upya, na kushusha bomba la chuma cha pua toka juu hadi chini. Inawezekana, lakini ni pesa ya paa jipya. Kwa sasa ifanye dohani tulivu. Kofia ya zege nene sm 7 hivi, izidi tofali kwa sm 5 kila upande, na chini ya ukingo chora mfereji mdogo ili tone la mvua lidondoke lisitambae kurudi ukutani. Iinue kwa tofali nne kwenye pembe, wavu katikati. Chini, hata ukiziba mdomo wa meko kwa ubao au tofali, acha kidirisha cha sm 15 kwa 20. Shingo ya bati itengenezwe kama alivyosema ndugu wa Limuru, na bati lichomekwe ndani ya kiungo cha tofali, lisibandikwe kwa lami juujuu.

Na kifua cha meko kisiguswe.

Zamu ya Usiku (#18)

Mama analalaje siku hizi?

MtotoWaUsambara (#19)

Samahani kwa ukimya, ni miezi mitano sasa.

Mama yuko salama, dada. Ana chupa zake mbili za maji ya moto na anazifunika kwa khanga. Kichwa cha asubuhi hakijarudi.

Yule fundi wa kwanza tuliachana kwa wema, nikampata mwingine aliyekubali kufuata maelezo ya humu. Kofia ya zege tulimwaga chini uani, ikakomaa siku kumi na nne chini ya magunia yaliyoloweshwa, tukaipandisha vipande viwili. Bati la nyuma ya dohani lilikuwa limeoza kweli, kidole kilipita. Chumbani tulibandua saruji, na chumvi ilichanua mara tatu kama alivyosema Sheikh. Mara ya tatu ilikuwa vumbi tu. Chokaa tuliagiza kutoka Tanga, mikono mitatu, rangi ya chokaa nyeupe.

Mdomo wa meko hatukuuziba kwa tofali. Tumeweka ubao wa mkaratusi, chini yake kidirisha chenye wavu, na mama ameweka picha ya baba juu ya rafu ya mawe.

Vuli imepiga wiki mbili mfululizo. Jana usiku, mvua ikiwa inanyesha, nimepita mkono ukutani kuanzia usawa wa mabega hadi ninapofika. Mkavu. Kisha nikashika kipande cha karatasi laini mbele ya kidirisha cha meko. Kilielea, kikainama ndani, kikabaki hapo kikitetemeka.